Siku moja maishani mwangu: kutafuta kilele cha mafuriko ya Mto Mkondoa

Saa 12 asubuhi. Tunatoka Morogoro kwenda Kilosa kupitia Dumila. Mhandisi wa barabara anataka kujua daraja lake lijengwe kuhimili maji kiasi gani, nami, mtaalamu wa mito, ndiye wa kumkadiria kilele cha mafuriko ya miaka 50 na ya miaka 100, yaani yenye uwezekano wa 1 kwa 50 na 1 kwa 100 kutokea kila mwaka.

Saa 3. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu, karibuni mtoni." Mzee huyu ndiye msomaji wa geji, yaani kipimo cha kina cha mto, huandika kina asubuhi na jioni. Tatizo ni kwamba Mkondoa unatoka milimani. Mvua ikipiga Ukaguru au Rubeho jioni, kilele hupita hapa usiku, na kukipambazuka mto umeshashuka, daftari linaonyesha siku ya kawaida. Mzee anatupeleka kwenye takataka zilizonasa matawini, zinazoonyesha maji yalipofika. Tunasimamisha levo, kifaa cha kupimia vimo, tunapima kimo chake, upana wa mto na mteremko, ili mtiririko ukokotolewe kwa kanuni ya Manning, inayokadiria kiasi cha maji kutokana na umbo la mto.

Kisha namuuliza habari za Desemba 2009 na Januari 2010, mto ulipofurika mjini na kung'oa reli ya kati. Anatuonyesha ukuta wenye alama ya maji yale. Naipiga picha, naipima mara mbili. Alama kama hii ina thamani kubwa sana kwangu, kwa sababu mafuriko makubwa ndiyo yanayosomba geji, na hakuna anayeingia mtoni kupima kasi ya maji siku hiyo.

Saa 8 mchana, Morogoro. Wali maharage, haraka.

Saa 9. Sasa takwimu. Mwaka wetu wa maji, yaani mwaka tunaotumia kuhesabu mvua na mito, unaanza Novemba. Katika kila mwaka nachukua kilele kimoja tu, kile kikubwa kuliko vyote, kisha navipanga kutoka kikubwa hadi kidogo. Ukiwa na miaka 30, kilele cha kwanza hupewa uwezekano wa 1 kwa 31 wa kufikiwa au kuzidiwa katika mwaka wowote. Kila kilele kinakuwa nukta kwenye grafu, na juu ya nukta hizo napitisha mkunjo wa Gumbel, halafu ule wa Log-Pearson aina ya tatu, njia mbili za kitakwimu za kukadiria mafuriko makubwa. Katikati mikunjo hii inakwenda pamoja; ikifika miaka 100 inaachana, maana huko hakuna nukta ya kuishikilia.

Hapa ndipo ninapokaa muda mrefu: miaka iliyo tupu, isiyo na vipimo. Wengi huifuta na kuendelea. Mimi nakataa. Kituo cha kupimia mto kilichonyamaza kwa sababu betri iliisha ni jambo moja. Kilichonyamaza kwa sababu mto ulikichukua ni jambo jingine kabisa. Mwaka huo wa pili unatuambia kwamba maji yalizidi kimo fulani, na hiyo ni taarifa. Mwongozo wa Marekani wa 2018, Bulletin 17C, unaruhusu kuingiza taarifa ya namna hiyo kwenye hesabu, pamoja na alama za kihistoria kama ya ukuta wa leo. Ukiifuta, mkunjo unashuka, na daraja linajengwa chini mno.

Saa 11 jioni. Nimemtumia mhandisi makadirio ya awali, kila namba na mpaka wake wa juu na wa chini, maana hakuna uhakika kamili. Anapiga simu. "Dada, nipe namba moja tu, hiyo mipaka ya juu na ya chini inanichanganya." Namweleza: mafuriko ya miaka 100 yana uwezekano wa asilimia 1 kila mwaka, hata kama yalikuja mwaka jana. Katika miaka 30 ya daraja lako, uwezekano wa kuyaona walau mara moja ni asilimia 26. Na namba yenyewe ni makadirio. Mpaka wa juu unaweza kuwa mbali sana na namba ya kati. Watoto watapita hapo kwenda shule, kaka, siwezi kukuficha hilo.

Ananyamaza, kisha anauliza kuinua daraja hadi mpaka wa juu kutaongeza gharama kiasi gani. Hilo ni swali lake la kujibu, na nimefurahi kwamba ameliuliza. Naongeza kimo cha alama ya ukutani kwenye ripoti na kuituma saa 12 na nusu.