Msumari ukitoka mwekundu, ongeza chokaa

Jumamosi nilikuwa Njoro kwa anko, ana nusu ekari ya waru (viazi) na mvua imekataa kukatika kwa hivyo blaiti, ule ugonjwa wa kuozesha majani, inamnyima usingizi. Nikamkuta anakoroga mrututu, ile chumvi ya bluu ya kopa (shaba) ya kunyunyizia waru, kwa ndoo ya mabati. Anko, hapana, mwaga kwa ile ya plastiki saa hii!

Tulipomwaga akaona mwenyewe, ndani ya ndoo kumeshika kitu cheusi kama masizi, ukisugua na kidole wekundu unatokea. Hiyo ni kopa. Zinki iliyopakwa kwa mabati inaachilia elektroni haraka kuliko kopa, sasa zinki inaingia kwa maji na kopa inatoka inakaa kwa ndoo, yaani dawa inapungua na ndoo inaliwa.

Hii chumvi naipenda tangu fomu tuu. Ukipasha yale mawe ya bluu kwa testityubu yanakuwa unga mweupe, tone moja tu la maji na bluu imerudi, kwa sababu ile bluu ni ya kopa ikiwa imeshikana na maji. Weka asidi kali ya haidrokloriki, kloraidi inafukuza maji na kukalia nafasi yake, rangi inaenda kijani ya kumanjano. Amonia nayo kidogo inaleta mashapo laini ya bluu hafifu, ukizidisha yanayeyuka unabaki na bluu nzito kama wino. Wanafunzi wengi wanakariri hizi rangi za mtihani wa KCSE bila kuambiwa kwamba kila rangi inakuonyesha kopa imeshikwa na nani, na hiyo inaniuma sana.

Chokaa pia inaleta mashapo ya bluu hafifu, na ndiyo maana tunaiweka kwa dawa. Mrututu mtupu unachoma majani, lakini ukishaganda na chokaa unang'ang'ania jani na kuachilia kopa pole pole, kimelea cha blaiti kinakufa waru inabaki. Millardet, mtaalamu wa mimea, aliandika haya Ufaransa mwaka 1885, kwa mashamba ya zabibu ya Bordeaux.

Tukapima upya, kilo 1 ya mrututu, kilo 1 ya chokaa, lita 100 za maji. Nikachovya msumari safi dakika moja hivi, ukatoka na wekundu, maana yake kuna kopa bado iko huru. Anko akaongeza chokaa mkono mmoja, akakoroga. Msumari wa pili ukatoka vile ulivyoingia, akachuja na kitambaa, akabeba pampu mgongoni akaanza na mistari ya chini karibu na mto.