Mashine Isiyo na Uzi na Ukingo wa Ziwa Nakuru

Mpwa wangu aliporudi kutoka Uingereza mwaka jana aliniletea mashine ambayo fundi jirani yangu, mtu aliyeshika cherehani tangu ujana wake, aliikagua kwa muda mrefu kisha akaniuliza, "Mwalimu, uzi unapita wapi?" Nilimjibu kwamba haupiti popote. Mashine hii ina umbo la cherehani, ina kanyagio la umeme kama cherehani, lakini haina bobini, haina kishikizo cha uzi, wala haina meno ya kusukuma kitambaa kutoka chini. Kazi yake ni kutengeneza felti, yaani kitambaa kinachopatikana kwa kusokotanisha nyuzinyuzi za sufu bila kufuma na bila kushona.

Penye sindano moja ya kawaida, mashine yangu ina sindano 7 zilizofungwa pamoja, na kila sindano imechongwa vijino vidogo ubavuni. Inaposhuka, vijino hunasa nyuzinyuzi zilizolazwa juu na kuzizamisha katika kitambaa cha chini. Inapopanda, vijino huteleza bila kuzirudisha, kwa hiyo nyuzinyuzi hubaki ndani zikiwa zimeshikana na zile zilizozikuta huko. Tendo hilo likirudiwa mara maelfu, vitu viwili huwa kitu kimoja bila gundi wala mshono. Kanuni hiyo hiyo hutumika viwandani kutengeneza mazulia ya magari na vitambaa vinavyotandikwa chini ya barabara. Watu wa kale walipata felti kwa njia nyingine, ya maji ya moto, sabuni na kusugua, kwa sababu unywele wa sufu una magamba madogo yanayofunguka na kushikana yanapopata joto na msuguano. Njia hiyo niliijaribu kwanza na ikanichosha mabega. Ya mashine hufanyika kukavu, na unaweza kusimama katikati ya kazi, ukanywa chai, ukarudi kesho yake.

Nilikuwa na sababu moja ya kuitamani mashine hii. Kwa miaka mingi nimeshona mifarishi ya sanaa, yaani ile mifarishi ya tabaka tatu ambayo haitandikwi kitandani bali hutundikwa ukutani kama picha, na mara mbili nimejaribu kutengeneza mfarishi wa Ziwa Nakuru nikashindwa. Ziwa hili limekuwa likipanda kwa zaidi ya mwongo mmoja sasa. Eneo lake, lililokuwa yapata kilomita za mraba 40, limepita 60. Lango kuu la zamani la hifadhi ya wanyama inayolizunguka lilifunikwa na maji ikabidi jingine lijengwe, na migunga ya manjano iliyokuwa msitu wa ufukweni imekufa ikiwa imesimama, maji yakiwa yameizunguka. Ukisimama pale juu ya jabali la Baboon Cliff, upande wa magharibi, huwezi kuonyesha kwa kidole mahali ambapo ardhi imekoma na ziwa limeanza. Nyasi zinaingia majini, maji yanaingia kwenye nyasi, na miti iko pande zote mbili.

Hapo ndipo mifarishi yangu ya kwanza iliharibikia. Nilitumia njia niliyofundishwa, ya kukata kipande cha kitambaa, kukunja ncha zake na kukishonea juu ya kingine, na kila kipande kilikuja na mpaka wake. Ziwa likawa sahani ya buluu iliyowekwa juu ya meza ya kijani. Siidharau njia hiyo hata kidogo. Harriet Powers, mwanamke aliyezaliwa utumwani Georgia, Marekani, mwaka 1837, aliitumia kusimulia habari za Biblia na za mbinguni kwa maumbo ya watu, wanyama na nyota, na mifarishi yake miwili iliyosalia imehifadhiwa katika makumbusho, mmoja Smithsonian, Washington, na mwingine Boston. Maumbo yake yana nguvu kwa sababu hasa kila moja limesimama peke yake, likiwa na mwanzo na mwisho unaoonekana. Mimi nilihitaji kinyume chake, na mkasi haukuweza kunipa.

Sufu yangu naitoa Molo, kwa mzee mmoja anayefuga kondoo wa Corriedale. Nilipomuuliza bei mara ya kwanza alinitazama kwa mshangao, akasema, "Mama, hii sisi huwa tunaifukia shimoni baada ya kukata." Alinijazia gunia zima kwa bei ya unga wa mahindi. Jambo hilo limenikaa moyoni, kwamba katika jiji letu la Nakuru, ambalo UNESCO ililitambua mwaka 2021 kwa ajili ya kazi za mikono na sanaa za jadi, sufu inayokatwa umbali wa saa moja tu kwa gari inafukiwa kama takataka. Mimi huilowesha sufu hiyo katika maji ya moto yenye sabuni bila kuikoroga, kwa maana ukiikoroga itageuka felti ndani ya beseni kabla hujataka, kisha huisuuza, huianika kivulini na kuichana kwa brashi mbili za kuchania mbwa nilizonunua kwenye duka la dawa za mifugo. Sufu ya kondoo hawa si laini kama ya Merino, lakini ina mikunjo mizuri na hushika haraka. Rangi nyingine nazipata katika soko la Top Market kwenye sweta za mitumba. Nikiwa na shaka kama sweta ni ya sufu kweli, naomba kuvuta uzi mmoja nikauchoma: sufu hunuka kama nywele zilizoungua na huacha jivu linalosagika, ilhali poliesta huyeyuka na kuacha kitone kigumu.

Wiki sita za kwanza sikutengeneza picha yoyote. Nilijaza kisanduku kwa vipande vya majaribio na kuandika nyuma ya kila kimoja nilichofanya. Blanketi la zamani la sufu lilithibitika kuwa msingi bora kuliko vyote, kwa kuwa nyuzinyuzi zake zimelegea na hupokea zile za juu kwa urahisi. Turubai lilinivunjia sindano tatu asubuhi moja. Leso, yaani kanga, ilinihuzunisha, maana nilikuwa na leso ya mama yangu iliyochakaa ambayo nilitamani sana kuitumia, na pamba yake imefumwa kwa kubana mno. Sufu niliyoitia juu yake ilikaa kwa muda, kisha ikabanduka kama ukurutu. Baadaye nilitambua kwamba leso yenyewe haihitaji kushika chochote. Ukiilaza katikati, blanketi likiwa chini na sufu ikiwa juu, sindano huipenyeza sufu kupitia leso hadi kwenye blanketi, na leso hubaki imefungwa humo ndani, rangi zake zikionekana hafifu mahali ambapo sufu ni nyembamba.

Shifoni ndiyo iliyonifungulia njia ya maji. Kitambaa hicho chepesi hakisokotani, bali huvutwa chini na sindano mahali zinapopita, na pale zisipopita hujikunja na kuinuka. Nilikata ukanda wa shali ya shifoni ya kijivu, nikaupitisha chini ya sindano kwa mistari ya ulalo iliyoachana kidogo, nikaona mawimbi madogo yakijitokeza yenyewe, kama yale ya alasiri upepo unapoteremka kutoka milima ya Mau.

Lakini jambo kubwa nililijua kwa kugeuza kitambaa. Nilikuwa nimemaliza kipande cha mfano chenye nyasi, tope na maji, sikukipenda, nikakitupa kitandani kikaanguka kifudifudi. Upande wa nyuma ulikuwa na picha ile ile, ila imepita kwenye ukungu. Ni nyuzinyuzi zile tu zilizosukumwa hadi upande wa pili zinazoonekana huko, kwa hiyo kila rangi hufika imepungua na kila mstari umelainika. Ndivyo ziwa lilivyo saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Tangu siku hiyo nimekuwa nikifanya kazi pande zote mbili, nikigeuza na kugeuza tena: ninapotaka kitu kiwe karibu na mtazamaji naweka sufu kwa mbele, ninapotaka kiwe mbali naiweka kwa nyuma na kuisukuma ije mbele kidogo kidogo.

Yapo mambo machache ya tahadhari. Kitambaa hupungua kinapochomwa na sindano. Msingi wangu ulikuwa sentimita 90 kwa 60, ukaishia 84 kwa 55, kwa hiyo kata ukubwa wa kuzidi. Mkono usikimbie wala usivute kazi sindano zikiwa chini, maana ndipo zinapovunjika. Vaa miwani, na sindano ikivunjika tafuta kipande chake kwa sumaku kabla ya kuendelea.

Heroe, au flamingo kama tunavyowaita hapa, nilisita kuwaweka. Mtoto wa Nakuru wa rika langu alikua akiamini kwamba ufuko wa ziwa ni wa waridi kwa asili, na ninakumbuka baba akitusimamisha juu ya gari ili tuone. Maji yalipoongezeka, magadi yalipungua nguvu, mwani wanaoula ukapungua, na wengi wao wakahamia Ziwa Bogoria na kwingineko. Kuwachora kwa wingi ule wa zamani kungekuwa uongo, na kuwaacha kabisa kungeniuma. Nilichanganya sufu nyekundu kidogo na nyeupe nyingi, nikazichana pamoja mpaka wekundu ukawa kama pumzi tu, nikatandaza utepe mmoja mwembamba karibu na ufuko wa mbali. Kwa nyuma nikauchoma kwa sindano mara mbili zaidi ili ufifie.

Felti ilipokamilika ndipo nilipoweka tabaka za mfarishi, felti juu, pamba katikati, kitambaa cha mgongo chini, na kurudi kwenye cherehani yangu ya siku zote. Mpangilio huu usigeuzwe, kwa kuwa mashine ya felti ikipitishwa juu ya tabaka zote tatu huchanganya pamba ya kati na picha. Hapa uzi ulipata kazi inayoufaa. Nilishusha meno ya cherehani, nikaongoza kitambaa kwa mikono, nikashona vile vitu ambavyo kweli vina mpaka: migunga iliyokufa, kwa uzi wa kijivu uliopita mara tano au sita juu ya kila shina, na mgongo wa mlima Menengai kule nyuma ya mji. Katika felti nene mshono huzama na kuacha mfereji, kwa hiyo miti ilionekana imechongwa ndani ya maji. Ilinichukua majuma matatu na sioni wakati uliopotea.

Kosa la mwisho lilikuwa ukingo. Nilizungushia mfarishi utepe wa buluu nzito kwa kuwa ndivyo mifarishi yote imalizwavyo, na mara moja ziwa likarudi kuwa sahani. Niliufumua wote usiku ule ule. Badala yake nilishona vipande kwa mbele na kuvipindua nyuma, ili maji yafike hadi mwisho wa kitambaa kushoto na kulia na yasizuiwe na chochote.

Fundi alikuja kuutazama ulipokuwa umeshatundikwa sebuleni. Hakuuliza tena habari za uzi. Aliweka kidole mahali nyasi zinapoingia majini, akakisogeza taratibu hadi juu kushoto, akasimama. "Mwalimu, lango la zamani si lilikuwa upande huu?" Nikamwambia apapase palepale. Chini ya sufu kuna kipande cha leso ya mama, kikubwa kama kiganja cha mtoto, na ukikisogeza kichwa karibu na dirisha utaona wekundu wake.