Tuliuza nyumba ya Houston kwa sababu ya barafu

Julai 2024, siku ya tatu baada ya kimbunga Beryl, nilipanga foleni ya barafu kwenye kituo cha mafuta magharibi mwa Houston tangu saa kumi na moja alfajiri. Kimbunga kilikuwa kimewakatia umeme wateja zaidi ya milioni mbili. Nyumbani joto halisemeki. Insulini ya Baba Watoto, dawa yake ya kisukari, nilikuwa nimeizungushia kanga, nikaiweka juu ya taulo ndani ya kasha la barafu, isigusane na barafu yenyewe. Insulini ikiganda haifai tena, na ikichemka na joto nayo haifai. Kila baada ya saa mbili nafungua kifuniko, naingiza mkono, napapasa vichupa kimoja kimoja kuona kama bado vina ubaridi. Nilipofika mbele, kijana wa pale akanitazama kwa huruma: "Imeisha, mama."

Nilirudi kwenye gari mikono mitupu, na kabla sijawasha nilishajua kwamba nyumba tunaiuza.

Ndugu wengi wa hapa Texas wananiuliza, dada, tuuze sasa au tusubiri bei? Nami nawauliza kwanza: mnataka kuishi wapi, na nani atakuwa karibu yenu mkiugua? Sisi tulikaa miaka saba tunabishana juu ya bei. Hilo la pili hatukuwahi kuliweka mezani hata siku moja.

Tulinunua mwaka 2012 kwa dola 172,000. Mimi nilikuwa napiga shifti za usiku nyumba ya wazee, yeye anaendesha lori. Nyumba ya vyumba vinne, upande wa Katy, magharibi mwa Houston, upande wa juu wa Barker, bwawa la kuzuia mafuriko. Bwawa lile karibu mwaka mzima ni kavu, watu wanafanyia mazoezi humo na kutembeza mbwa, kwa hiyo hata hufikirii kwamba unaishi ukingoni mwa bwawa. Ramani haikutuweka kwenye eneo la mafuriko, benki haikutudai bima ya mafuriko, nasi hatukuikata. Bima ya kawaida ya nyumba huku hailipi mafuriko. Ya mafuriko inakatwa peke yake, na kwa kawaida inaanza kufanya kazi baada ya siku 30. Ukiona kimbunga kwenye taarifa ya habari, umeshachelewa.

Agosti 2017 kikaja Harvey. Bwawa likajaa, maji yakarudi nyuma hadi mitaa yetu. Hayakuja kwa kishindo. Yalipanda taratibu kwenye majani ya uani, yakapita chini ya mlango, yakalowanisha zulia kutokea pembeni kwenda katikati. Tulitolewa kwa mashua ya jirani. Tuliporudi baada ya siku nane, tulikata jipsamu ya kuta zote kwa urefu wa futi nne, tukatupa magodoro, makabati, sofa, albamu ya harusi. Ile harufu sijaisahau. Akiba tuliyokuwa tumeitenga kwa kujenga Tanga ikaishia kwenye kuta za Katy.

Wakati ule walipita watu wa pesa taslimu wakitaka kununua kwa bei ya kutupa. Kuwakatalia hatukukosea. Lakini tulipomaliza matengenezo, mtoto wetu wa mwisho yuko chuo, sisi wawili tuko kwenye vyumba vinne, hakuna aliyeuliza tunabaki kwa ajili ya nini. Kila mwaka ulikuwa na sababu yake ya kusubiri. Februari 2021, ile baridi iliyozima umeme sehemu kubwa ya Texas, bomba likapasuka darini, tukasema tutengeneze kwanza. Mwaka huo huo tukabadilisha mkopo wa nyumba, tukapata riba ya asilimia 2.6, na hapo mume wangu akanasa kabisa. "Mama Watoto, riba hii hutaiona tena maishani." Alikuwa sahihi. Oktoba 2023 wastani wa riba ya mkopo wa miaka 30 ulikaribia asilimia 8. Nami sikumbishia hesabu. Nilichomwambia ni kwamba riba nafuu inamfaa mtu anayetaka kukaa.

Na kukaa kwenyewe kulikuwa na gharama. Texas haina kodi ya mapato ya jimbo, jambo linalotuvutia wengi, lakini nyumba inakatwa kodi kila mwaka hata ukimaliza deni. Punguzo la kodi ya shule kwa nyumba unayoishi lilipandishwa hadi dola 100,000 kwa kura ya 2023, likatusaidia kidogo. Bima nayo ikapanda na kula nafuu yote.

Basi, wapi?

Kupangisha na kuondoka tulikufikiria. Sheria ya kodi ya Marekani inasema, ukiwa umeimiliki na kuishi ndani angalau miaka miwili kati ya mitano ya mwisho kabla ya kuuza, mke na mume wanaolipa kodi pamoja hawatozwi kodi ya faida hadi dola 500,000, na aliye peke yake hadi 250,000. Ukihama ukaipangisha zaidi ya miaka mitatu, umelipoteza hilo. Isitoshe, mimi sina moyo wa kupigiwa simu usiku kwamba choo kimeziba mji mwingine.

Tanga ndiko moyo ulikovuta. Tuna kiwanja Pongwe tangu 2009, msingi umesimama, miembe imeshaanza kuzaa. Lakini makaratasi yetu hayafanani. Mume wangu alikula kiapo cha uraia wa Marekani mwaka 2015, na kwa kuwa Tanzania hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima, kisheria alikoma kuwa Mtanzania. Kiwanja kiko kwa jina langu, niliyebaki na pasi ya nyumbani na grini kadi, kibali cha kuishi Marekani. Ila nikikaa nje ya Marekani zaidi ya miezi sita nitaanza kuulizwa maswali uwanja wa ndege, na nikipitisha mwaka bila kibali cha kurudi, grini kadi yenyewe iko hatarini. Serikali ya Tanzania imekuja na hadhi maalumu kwa diaspora, nayo naishukuru kwa dhati, tutaifuatilia. Lakini hadhi hailipi hospitali. Medicare, bima ya afya ya serikali ya Marekani kwa wazee, Baba Watoto anaanza kuipata akifika miaka 65, na mwenye kisukari akitibiwa Tanga, Medicare hailipi. Nililia nilipomwambia hivyo. Naye alilia, mtu ambaye kwenye maji ya Harvey hakutoa chozi.

Ikabaki kwa binti yetu mkubwa, karibu na Dallas. Siku ile barafu ilipoisha ni yeye aliyeendesha saa nne na jenereta nyuma ya gari. Alifika saa tisa mchana, hakukaa hata kitako, akaliwasha, akachomeka friji kwanza. Tulipata jibu letu pale jikoni, tukisikiliza friji inaanza kunguruma.

Tuliitangaza Machi 2025, ili tuwe tumeondoka kabla ya Juni Mosi msimu wa vimbunga unapoanza. Tangu Septemba 2019 sheria ya Texas inamtaka muuzaji aandike wazi kama nyumba iliwahi kuingia maji. Tuliandika. Wateja wawili wakasoma, wakaondoka. Dalali alisema tushushe bei, tukashusha, maana mkweli ana haki ya kulala usingizi. Wa tatu, familia changa, walisoma kila mstari, wakauliza maji yalifika wapi. Nikawaonyesha kwa mkono, juu kidogo ya soketi ya umeme ya sebuleni. Nikawaambia wakate bima ya mafuriko hata kama benki haiwadai. Wakanunua, dola 296,000. Baada ya kulipa deni, madalali na gharama za hati, tukabaki na kama 170,000. Ndugu walitegemea zote ziende Pongwe. Tumepeleka 30,000 tu, vyumba viwili na veranda, tuwe tunakwenda miezi mitatu kila mwaka, wakati huku ni baridi. Zilizobaki ni za uzee wetu.

Sasa tumepanga apatimenti ya chini, haina ngazi, dakika saba kutoka kwa binti. Jioni baada ya kula, Baba Watoto huingia kwenye simu kuangalia bei ya nyumba ile. Wiki iliyopita alinionyesha: imepanda dola 4,000. Nikaangalia, nikamrudishia simu, nikaenda kufungua friji. Saa ya sindano yake ilikuwa imefika.