Sahihi ya kuja na sahihi ya kukubali

Kuna watu wameanza tena kupima upepo wa kutengeneza stima huku kwetu Kajiado. Mnara wameusimamisha kwa shamba la jirani, chuma chembamba kirefu hivi, kimeshikiliwa na waya pande zote, na huko juu kuna vikombe vidogo vinazunguka mchana na usiku. Mbuzi washaanza kujikuna kwa zile waya. Nikipita hapo jioni nakumbuka baraza moja ya miaka kadhaa nyuma, ndiyo imenifanya nikae chini niandike.

Hiyo baraza iliitwa na kampuni nyingine kabisa, jina nitaliacha. Walikuja na gari mbili, tukakaa chini ya mgunga, soda na mkate zikagawiwa, halafu injinia kijana akaanza kueleza. Alieleza vizuri sana, sitamnyima haki yake. Akasema megawati, yaani kipimo cha nguvu ya stima, akasema ajira, akaonyesha picha kwa laptopu ambayo na lile jua hakuna mtu aliyeona kitu. Mzee mmoja akauliza barabara za kupeleka mitambo zitapita wapi, kwa sababu ng'ombe wana njia yao ya kwenda maji, akaambiwa hilo litaangaliwa baadaye. Halafu karatasi ikaanza kuzunguka ya kuandika jina, namba ya kitambulisho na sahihi. Ikafika kwa mama mmoja mzee aliyekuwa amekaa kando yangu, akaishika, akaigeuza, akamwita yule kijana. "Mwanangu, hapa natia sahihi ya kuja ama ya kukubali?" Kijana akamwambia ni ya kuja tu mama. Mama akamrudishia. "Basi iandike hapo juu, ya kuja."

Haikuandikwa. Mama hakutia sahihi, mimi nilitia. Baadaye nikaiona ripoti yao ya mazingira, na ile karatasi yetu imeshikanishwa huko nyuma kabisa, na ndani ripoti inasema jamii imeunga mkono mradi. Jina langu liko pale. Sijawahi kusahau vile nilijisikia siku hiyo, kama mtu ameniazima mdomo akasema nao kitu sijasema.

Sasa mtu asifikiri mimi napinga upepo. Nimekulia nikiona Ngong Hills kila siku, na mitambo ya kwanza pale iliwekwa 1993, msaada wa Ubelgiji, kwa hivyo hii kitu kwetu si ngeni. Stima ya upepo haihitaji dizeli wala haingoji mvua ijaze bwawa, na nchi yetu ina upepo wa kutosha. Lakini upepo kuvuma mahali hakutoshi kusema mtambo ukae hapo. Huu wa kupima kwa vikombe ndio rahisi. Kazi ngumu ni kujua ardhi ni ya nani, nani analala karibu, na nani anapita juu angani, na hayo matatu hakuna mnara unayapima.

Angalia Kinangop, kule Nyandarua. Mradi ulikuwa wa megawati 60.8, mitambo 38, upepo upo, pesa ipo, leseni ziko. Lakini Kinangop ni mashamba madogo madogo, watu wamekaa karibu karibu, viazi, kabeji na ng'ombe wa maziwa, na wengi ni familia zilizopata hayo mashamba kwa zile skimu za wakati wa uhuru, kwa hivyo shamba pale si shamba tu, ni jasho la babu. Mahali kama hapo mtambo mmoja unagusa watu wengi sana. Mwenye shamba analipwa kodi, lakini jirani yake upande wa pili wa ua hapati kitu na sauti anaisikia, na asubuhi jua likiwa chini kivuli cha mabawa kinapita mlangoni kwake, kinaenda kinarudi, kinaenda kinarudi. Watu wakauliza habari ya fidia, ya afya, ya kuhamishwa. Maandamano yakaja, mwaka 2015 mtu akafa, na mwanzoni mwa 2016 wawekezaji wakatangaza mradi umekwisha. Mtu alikufa jamani, kwa jambo ambalo lingeanza na watu kukaa chini wakaongea.

Na hata bila watu, Kinangop ilikuwa na swali lingine. Kuna ndege mdogo wa nyasi mwenye kifua cha njano, anaitwa Sharpe's Longclaw, anapatikana Kenya peke yake, tena kwa nyasi za nyanda za juu tu, na Kinangop ndiyo moja ya ngome zake. Nyasi zenyewe zinalimwa kila mwaka, adui wake mkubwa ni jembe. Lakini ukishajua mtu anaishi kwa chumba kimoja, utafikiri mara mbili kabla ya kupitisha barabara hapo ndani.

Mradi wa Ziwa Turkana nao ni hadithi tofauti kabisa. Pale Loiyangalani, Marsabit, upepo unabanwa kati ya mlima Kulal na mlima Nyiru unatoka kama umetupwa, kwa hivyo ukiuliza mahali bora pa upepo Kenya nzima jibu ni pale. Mitambo 365, megawati 310. Ikasimamishwa yote, ikawa tayari, halafu ikakaa hapo inangoja waya, maana laini ya zaidi ya kilomita 400 kufika Suswa ilichelewa mpaka Septemba 2018, na serikali ikalazimika kulipa mabilioni kwa stima ambayo haikuwa imefika kwa nyumba ya mtu. Hiyo peke yake inatosha kukuonyesha kuchagua mahali si kuangalia upepo tu, njia ya kutoa stima pia ni mahali, inapita kwa mashamba ya watu na kwa njia za ndege vilevile.

Lakini kilichoniuma zaidi ni ardhi. Ekari 150,000 zilitolewa wakati bado zinashikiliwa na halmashauri ya kaunti ya zamani kwa niaba ya wenyeji, na wenyeji ni wafugaji, leo wako hapa kesho wako kule. Ukienda siku ambayo mifugo imehama utaona jangwa tupu, utaandika kwa ripoti hakuna mtu. Wenyeji wakaenda mahakamani 2014, na Oktoba 2021 mahakama ya ardhi Meru ikaamua hati hazikupatikana kwa njia ya sheria, ikatoa mwaka mmoja mambo yarekebishwe. Kesi haikuishia hapo. Mitambo ilikuwa ishaanza kuzunguka miaka mitatu wakati uamuzi unatoka, yaani swali la kwanza kabisa, hii ardhi ni ya nani, ndilo lilikuja kujibiwa la mwisho.

Sasa nirudi kwetu Kajiado, maana hapa kuna kitu nimekiona kwa macho yangu na kimenipa moyo.

Kipeto, mradi wa upepo wa huku kwetu, ina mitambo 60, imeanza kuuza stima 2021, na ardhi ilibaki ya Wamaasai wenyewe, wamekodisha tu, wanalipwa, na kuna mfuko wa jamii pia. Ng'ombe wanalisha chini ya mitambo kama kawaida. Lakini shida kubwa ya Kipeto ilikuwa tumbusi, hawa tai wala mizoga. Upande wa Kwenia kuna majabali ambayo tumbusi wa Rüppell wanataga, na huyu ndege tangu 2015 yuko kwa daraja la hatari kubwa kabisa ya kutoweka duniani, yeye na mwenzake mwenye mgongo mweupe. Anataga yai moja tu kwa mwaka, na kinda linachukua miaka kama mitano kabla nalo litage. Ukiua mkubwa mmoja umeua miaka mingi.

Na mtu atauliza, ndege anayeona mzoga kutoka kule mawinguni anakosaje kuona mtambo mkubwa hivyo? Mimi pia niliuliza. Jibu ni kwamba tumbusi akitafuta chakula anainamisha kichwa anaangalia chini, na macho yake yamekaa namna ambayo kichwa kikiinama, mbele anakoelekea panakuwa giza. Anaona ardhi yote lakini haoni kilicho mbele ya mdomo wake. Kuna mmoja wa hawa wa Rüppell aligongana na ndege ya abiria mwaka 1973 juu ya Ivory Coast, zaidi ya mita 11,000 juu. Anaweza kufika huko, lakini chakula kiko chini, na ndiko mabawa yaliko.

Siku moja nilikuwa napita barabara ya kule ndani, nikaona kijana wa Kimaasai amesimama kwa kilima, darubini shingoni, redio mkononi. Nikasimamisha pikipiki. Hakuongea na mimi, alikuwa anaangalia juu, mimi sioni kitu. Akasema maneno machache kwa redio. Baada ya muda mtambo ule wa karibu ukaanza kupunguza, nikaweza kuhesabu mabawa, moja, mbili, tatu, halafu yakawa yanasogea polepole kama mtu aliyechoka. Ndiyo nikamwona sasa, doa jeusi, mabawa yamenyooka hayapigi, anazunguka tu juu ya hewa ya moto. Akapita. Kijana akasema tena kitu kwa redio. Nilikaa pale kama dakika ishirini, na nakwambia ukweli machozi yalinikaribia, kwa sababu mashine ya pesa nyingi ilisimama ndege apite, na aliyeisimamisha ni mtoto wa pale pale ambaye ameona hao ndege tangu akichunga ndama.

Kuna na kazi nyingine isiyoonekana. Mnyama akifa karibu na mitambo mzoga unaondolewa haraka, tumbusi wasishuke hapo. Na adui mkubwa wa tumbusi huku si mtambo, ni sumu. Simba akiua ng'ombe, mwenye ng'ombe kwa hasira anamwaga dawa ya wadudu kwa mzoga, simba labda hata asirudi, lakini tumbusi wanashuka kundi zima na wanakufa kundi zima. Kwa hivyo mradi ukasaidia kupambana na sumu na kuimarisha maboma simba asiingie, na hapo unaweza kuokoa ndege wengi kuliko wale mitambo ingewaua. Mimi naona hiyo ni akili. Na kwa mtambo wenyewe kuna njia nyingine: Norway, kisiwa cha Smøla, walipaka bawa moja kati ya matatu rangi nyeusi, na vifo vya ndege vikashuka kama asilimia 70 kwa mitambo hiyo. Ilikuwa mitambo michache, hakuna anayejua kama tumbusi wetu watafaidika hivyo, lakini rangi si kitu cha kushinda kampuni kujaribu.

Sasa hawa wapya wa mnara. Baraza yao ni mwezi ujao. Sheria ya mazingira inataka mikutano isiyopungua mitatu na watu wanaoguswa, tangazo kwa gazeti na kwa redio, tena redio kwa lugha ya watu wa mahali, kwa hivyo hatuombi hisani. Nitauliza muhtasari wa ripoti kwa Kiswahili na Kimaa kabla ya mkutano, si siku ya mkutano. Nitauliza wameangalia ndege kwa muda gani, maana wiki mbili za kiangazi haziwezi kukuonyesha wale wanaokuja na mvua, na wameangalia usiku pia kwa ajili ya popo? Njia ya ng'ombe kwenda maji iko kwa ramani yao ama haiko? Na jirani asiye na mtambo kwa shamba lake anapata nini?

Na karatasi ya mahudhurio. Yule mama bado yupo, mguu unamsumbua lakini amesema atakuja, nitampitia na pikipiki. Nimeshamwomba chifu kwamba karatasi ziwe mbili, moja imeandikwa juu KUHUDHURIA na nyingine KUKUBALI, na hiyo ya pili isizungushwe siku hiyo, watu waende nayo nyumbani kwanza. Chifu amesema ataangalia. Nitampigia tena Jumatatu.