Foronya 11 na gauni moja la kulalia

Mwaka wangu wa pili kwenye hoteli ile nilishukiwa kuiba foronya. Neno lenyewe halikutamkwa, Waingereza wana adabu zao. Msimamizi alisema tu kwamba daftari langu na hesabu ya dobi hazikubaliani, kisha akanyamaza huku akinitazama. Foronya 11 katika wiki tatu. Mtu umezaliwa Tanga, umelelewa na bibi anayehesabu hata vijiko baada ya shughuli, leo unaambiwa hujui kuhesabu foronya.

Hoteli yenyewe lilikuwa jumba la mashambani la matajiri wa zamani, magharibi mwa Uingereza. Kila baada ya muda wageni walilipa ili waje kucheza mauaji: mwigizaji analala chini maktabani, mwingine anavaa koti refu na kujifanya mpelelezi, wageni wanabahatisha muuaji huku glasi ziko mkononi. Sisi wa chumba cha nguo tuliachiwa shuka zenye damu ya bandia, ambayo kutoka kwake ni kazi kuliko hata damu ya kweli.

Mzee wa bustani ndiye aliyeniambia, tukinywa chai nyuma ya jiko, kwamba mauaji ya kweli ya namna hiyo yalitokea hukohuko jirani: Road Hill House, mwaka 1860, katika kijiji cha Road mpakani mwa Wiltshire na Somerset. Siku hizi kinaandikwa Rode. "Ile inakuhusu wewe," akasema. "Ni kesi ya nguo chafu."

Nilidhani ananitania. Siku yangu ya mapumziko nikaenda maktaba ya mji nikaanza kusoma magazeti ya wakati ule, na nilipotoka walikuwa wanazima taa.

Usiku wa kuamkia tarehe 30 Juni, Saville Kent, mtoto ambaye hajatimiza miaka 4, alitolewa kitandani mwake katika chumba alicholala na yaya. Yaya, Elizabeth Gough, aliamka alfajiri akakuta kitanda kitupu, akadhani mama mtu kamchukua, akalala tena. Watu walimsema sana kwa hilo. Mimi sikuona ajabu yoyote. Mtoto asipokuwa kwake alfajiri, yuko kwa mama yake. Walimkuta kwenye choo cha nje cha watumishi, amezungushiwa blanketi lake, shingo imekatwa. Milango ya nyumba ilifungwa kwa ndani, ila dirisha moja la sebuleni lilikuwa wazi kidogo. Kwetu tunasema kikulacho ki nguoni mwako. Hapa msemo ule ulikuwa kweli mara mbili.

Polisi wa huko walimkamata yaya, wakamwachia. Wiki mbili zikapita. Ndipo London ikamtuma Jonathan Whicher, mmoja wa wale 8 wa mwanzo wa kikosi cha askari kanzu kilichoundwa Scotland Yard, makao ya polisi wa London, mwaka 1842. Kilichonivutia kwake ni kwamba alishika orodha ya nguo. Constance, binti wa mke wa kwanza wa mzee Kent, baba yake Saville, umri wake miaka 16, alikuwa na magauni matatu ya kulalia. Sasa yalikuwepo mawili. La tatu, ikasemwa, limepotelea kwa dobi.

Sasa sikiliza. Jumatatu, tarehe 2 Julai, mtumishi wa vyumba, Sarah Cox, alikuwa anapanga nguo chafu kwenye makapu na kuziandika moja moja katika daftari la dobi. Constance akaja mlangoni. Hebu nitazamie, huenda nimesahau kibeti mfukoni mwa ile nguo yangu ya ndani. Cox akainama, akapekua kapu, hakuna kibeti. Basi naomba unishukie chini uniletee maji ya kunywa. Cox akaenda, akarudi na glasi, akamkuta binti palepale alipomwacha.

Whicher aliisoma hivi. Gauni lenye damu haliwezi kuonekana tena, kwa hiyo magauni yatapungua moja, na pengo hilo linahitaji mtu wa kulibeba. Basi unachukua jingine, lisilo na damu, lile lililokwisha kuandikwa, unalichomoa kapuni na kurudi nalo chumbani. Kupekua kibeti kulimwonyesha binti lilipo. Maji yalimpa nafasi. Daftari linasema gauni limetoka. Dobi anafungua kapu kwake, moja halimo. Na kati ya binti wa bwana na mama dobi wa kijijini, nani ataaminiwa?

Hapo ndipo nilipoacha kusoma kwa ajili ya kesi, nikawa nasoma kwa ajili yangu. Wiki nzima nilikuwa nahesabu mara mbili, mara tatu, kana kwamba kosa liko kwenye vidole vyangu. Kumbe nilipaswa kutazama muda ulioko kati ya kuhesabu na kufunga. Mimi kila asubuhi nilihesabu, nikaandika, nikaliacha toroli mbele ya lifti ya wafanyakazi, nikapanda kumalizia vyumba vya juu. Robo saa nzima lilikaa peke yake. Glasi yangu ya maji ilikuwa pale.

Jioni hiyo nikatoa sindano. Nilishona uzi mwekundu ndani ya pindo la foronya 20, mshono mfupi kama punje ya mchele, nikaandika vyumba zilipokwenda. Sikumwambia mtu, hata mzee wa bustani. Wiki iliyofuata dobi akaleta hesabu: pungufu tatu. Nikaanza kuzunguka: jikoni kwenye matambara, baa, chumba cha mashine. Nikazikuta kwenye kijichumba nyuma ya mapokezi ambako kijana wa mizigo husafisha mabuti ya wageni waliotembea matopeni. Foronya imekunjwa mara nne, nyeusi kwa dawa ya viatu. Nikageuza pindo. Uzi wangu ule.

Kijana wala hakushtuka. "Zilikuwa chafu tayari," akasema, "na zinang'arisha kuliko matambara." Nilicheka mpaka nikakaa kwenye kigoda chake.

Whicher hakuwa na bahati hiyo. Gauni halikupatikana kamwe. Alimkamata Constance tarehe 20 Julai, na wiki moja baadaye binti akaachiwa kwa dhamana. Watu wakamgeukia mpelelezi: vipi askari, mtoto wa mtunza bustani, anafungua droo za binti wa watu na kujadili magauni yake ya kulalia hadharani? (Mzee wangu alipenda sana hapo kwenye mtunza bustani.) Mwaka 1864 Whicher alistaafu, afya imemwangusha. Tarehe 25 Aprili 1865 Constance aliingia mahakama ya Bow Street, London, akakiri. Katika maelezo yaliyotolewa baadaye kwa niaba yake lilikuwemo hili: gauni alilichomoa kapuni Cox alipokwenda kuleta maji.

Alihukumiwa kunyongwa, hukumu ikageuzwa kuwa kifungo, akakaa miaka 20, kisha akaenda Australia akawa muuguzi kwa jina jingine. Alifariki mwaka 1944, ana miaka 100. Kuna mahali bado nasita. Alisema alitumia wembe wa baba yake, lakini mtoto alikuwa pia na jeraha la kuchomwa kifuani, na wembe wa kunyolea si kitu cha kuchomea. Wapo wanaomshuku kaka yake mdogo, William, kwamba alijua au alisaidia. Whicher naye aliwahi kumfikiria.

Nilimpelekea msimamizi foronya pamoja na daftari langu la uzi. Akageuza pindo, akatazama, akasema "Ahaa." Radhi sikuombwa. Jumatatu iliyofuata toroli lilikuwa na kufuli dogo, na kijana wa mizigo amepewa furushi la matambara. Ile foronya nyeusi niliiomba nikapewa. Imeandikwa daftarini kuwa imetoka, kwa sahihi mbili.