Kumbukumbu ya unga mweusi: wiki ya nne

Jumamosi hii unga laini kuliko wote umeachwa nyuma na ule wa katikati, na hakuna siku niliyoifurahia hivi tangu nianze.

Kwa anayeingia leo: hapa nyumbani Mwanga, Kigoma, napasua betri za redio zilizokwisha, zile za zinki na kaboni. Natoa unga mweusi wenye manganizi dayoksaidi, nauosha mara nne kuondoa chumvi, naukausha. Ukiutia kwenye haidrojeni peroksaidi ya duka la dawa, ile ya asilimia 3, oksijeni inafoka na unga wenyewe haupungui. Hicho ndicho kichocheo: kinaharakisha kazi bila chenyewe kwisha. Kazi yote inafanyika usoni mwa chembe: mchemraba wa sentimita 1 una uso wa sentimita za mraba 6, ukate vipande vya milimita 1, uso unafika 60, uzito uleule.

Kila mara naweka nusu gramu na mililita 10 za peroksaidi. Gesi inapita mpira wa dripu hadi kwenye bomba la sindano lililojaa maji. Nangoja mililita 50. Chenga zilizobaki kwenye chujio la chai: dakika 4 na sekunde 10. Uliopita chujio: dakika 1 na sekunde 25. Uliopita kitambaa cha kanga: dakika 1 na sekunde 50.

Nikarudia mara tatu, vilevile. Nikamulika tochi: unga wa kanga umeshikana madonge kama uji uliokorogwa vibaya, povu linatoka pembeni, katikati pakavu. Nikaulowesha kwanza kwa matone ya maji, nikausaga na kijiko hadi ukawa kama wino. Sekunde 38!

Madonge ni kosa la mkono wangu. Kwa metali zenyewe udogo una mambo mazito zaidi. Dhahabu ilidharauliwa kama kichocheo hadi Masatake Haruta wa Japani alipoonyesha, mwaka 1987, kwamba chembe zake za nanomita chache (nanomita ni milimita iliyogawanywa mara milioni) huchoma monoksidi ya kaboni, ile gesi ya sumu, hata chini ya nyuzi 0. Kobalti, inayogeuza monoksidi hiyo na haidrojeni kuwa mafuta kwa njia ya Fischer na Tropsch, huenda kinyume: chembe zikishuka chini ya nanomita 6 hivi, kila atomu ya usoni huzembea.

Unga wa sekunde 38 nimeuchuja, upo juani kwenye sahani. Jumamosi ijayo naurudisha kazini uleule, nione kama sekunde zitabaki zilezile.