Saint-Émilion, Msimu wa Kukata Merlot

Treni kutoka stesheni ya Saint-Jean, Bordeaux, Ufaransa, haichukui hata saa moja kufika Saint-Émilion. Ukishaipita Libourne, mizabibu inakuzunguka kila upande, mingine imepandwa karibu kabisa na reli. Nimekulia Hombolo, Dodoma, kwenye mashamba ya zabibu, kwa hiyo mzabibu si mgeni kwangu. Ila nidhamu ile sikuwahi kuiona: mifupi, imefungwa kwenye nyaya, mistari imenyooka hadi unahisi aliyeipanda aliogopa kugombezwa.

Mji wenyewe nitaupita haraka. Umejengwa kwa mawe ya chokaa yaliyochimbwa chini yake. Jina ni la Émilion, mtawa wa karne ya 8 aliyetoka Brittany akaja kuishi pangoni hapa. Baada yake watu walichonga kanisa zima ndani ya mwamba, na mnara wake una mita 68. Mwaka 1999 UNESCO iliuingiza mji pamoja na mashamba yake kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Watalii wamejaa, bei za migahawa zinauma. Nilichokifuata kilikuwa nje ya mji.

Mwenyeji wangu, dada mmoja wa Bukavu aliyehamia Bordeaux zamani, alinipeleka kwa mzee mwenye hekta chache kwenye uwanda wa juu, akawa ndiye mkalimani wetu. Tulimkuta mzee anatembea kati ya mistari, anachuma punje moja hapa, moja pale, anatafuna na kutema. Mbegu ikiwa bado ya kijani na chungu, anaendelea na safari yake. Ikiwa ya kahawia na ikavunjika kavu menoni, anasimama.

"Kaka, anasema wanakata kesho asubuhi," dada akanitafsiria. "Merlot haingoji mtu."

Ana sababu. Merlot, zabibu nyekundu ya huku, huiva kabla ya Cabernet Sauvignon, nyekundu nyingine ya Bordeaux, ganda lake ni jembamba, na mvua za Septemba zikiikuta imeiva, inaoza. Ukiiacha juani kupita kiasi nako ni hasara: sukari inapanda, uchachu unashuka, na unapata mvinyo mzito wenye kileo cha asilimia 15, unaochosha kabla glasi haijaisha. Ndiyo maana katika miaka hii ya joto baadhi ya wakulima wanaongeza zabibu nyingine, Cabernet Franc, ambayo wenyeji huiita Bouchet, ili mvinyo uchangamke. Hata hivyo Merlot bado ni zaidi ya nusu ya mizabibu ya Saint-Émilion.

Kilichonikaa moyoni ni kwamba mzee ana nafasi moja tu kwa mwaka. Sisi Dodoma tunavuna mara mbili. Msimu ukiharibika unapogoa, unamwagilia, unasubiri mwingine. Kule majira ya baridi yakishika, mzabibu unabaki mti mtupu. Halafu Merlot huchipua mapema, hivyo jalidi ya Aprili huiwahi ikiwa na machipukizi mabichi. Ya Februari 1956 ndiyo bado wanaisimulia: iliua mizabibu yenyewe, si mavuno tu, na watu wakapanda upya.

Udongo nao una neno lake. Uwanda ule ni mfinyanzi uliolala juu ya mwamba wa chokaa. Mfinyanzi hutunza maji na ubaridi, na Merlot inaupenda. Cabernet Sauvignon ndiyo yenye kutaka changarawe ya Médoc, eneo jingine la mvinyo la Bordeaux, inayoshika joto. Jirani tu, Pomerol, shamba maarufu la Pétrus limekaa juu ya mfinyanzi wa bluu na limepandwa Merlot karibu lote. Chupa yake moja inazidi bei ya bodaboda mpya. Niliishia kuutazama ukuta wake kwa nje.

Zabibu za mzee zilikatwa kwa mkono, zikawekwa kwenye kreti ndogo zisipondeke. Mezani wakatoa majani na punje mbovu, mashine ikatenganisha vikonyo, kisha zikaingia kwenye matangi ya saruji. Juisi ya Merlot karibu haina rangi. Wekundu uko kwenye maganda, kwa hiyo vyote vinachachuka pamoja. Gesi inayasukuma maganda juu, nao kila siku wanavuta juisi kutoka chini na kuyamwagia, huku wakichunga joto lisipite sana nyuzi 30. Baada ya wiki tatu hivi wanachuja na kukamua makapi. Bado ule uchachu mkali, wa tofaa bichi, hubadilishwa na bakteria kuwa uchachu laini wa maziwa.

Kutoka hapo haraka yote inakwisha. Mvinyo unaingia kwenye mapipa ya mwaloni ya lita 225, yanayotoa chupa 300 kila moja, na kukaa mwaka mzima au mwaka na nusu ndani ya machimbo ya zamani, mahali ambapo baridi haibadiliki. Kuusafisha, wengine bado hutumia ute wa mayai, matano au sita kwa pipa. Watu wa Bordeaux hudai viini vilivyobaki ndivyo vilivyozaa keki zao za canelé. Nimezila, sina ubishi.

Tulikula kwa mzee: steki iliyochomwa juu ya matawi makavu ya mzabibu, vitunguu vidogo juu yake, na chupa iliyokaa miaka kadhaa. Plamu, cheri, kisha harufu ya tumbaku kwa mbali. Ulaini usiokwaruza koo. Kwa maoni yangu mbuzi choma angeuvumilia vizuri zaidi, lakini sikusema.

Ukiipata chupa hii nyumbani, usiinywe kwa joto la Dodoma. Nyuzi 16 hadi 18 zinatosha, kwa hiyo iweke kwenye friji nusu saa kwanza. Na kama mfuko haukuruhusu Saint-Émilion yenyewe, tafuta lebo za vijiji vya pembeni, Lussac, Montagne au Puisseguin. Merlot ni ileile, bei inashuka sana. Mimi nilirudi na mbili za Lussac.